Ukurasa Tuliouruka

Siku Kweyu alipotutoka, tulisikia honi yake.

Mvua ya Aprili ilikuwa imekatika kidogo. Nilikuwa kwenye cherehani nikipunguza mikono ya sweta za watoto ambazo Mama angezipeleka sokoni Gikomba kesho yake. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Honi ikalia kule barabarani, mbili fupi na moja ndefu, vile ndugu yangu alivyoipiga kila alipotoka mbugani Mara, ili watoto wa mtaa wetu wa Kaloleni wapishe gari na Mama ajue kwamba amefika.

Mama alinipita mbio na mwiko mkononi, unga umemganda vidoleni.

"Amerudi mapema," alisema. "Na nilijua. Ndiyo maana nimepika mboga yake ya mrenda."

Aliyeshuka garini hakuwa Kweyu. Alikuwa Obonyo, dereva mwenzake na rafiki yake. Mkononi alishika begi la Kweyu, lile la kijani ambalo zipu yake ilikufa nami nikalishonea kamba.

"Mama," alisema. Akajaribu tena. "Mama..."

Malaria ilikuwa imempanda Kweyu kichwani huko kambini Mara. Walimkimbiza hospitali na hakuiona asubuhi. Hayo tuliyajua baadaye kutoka kwa wengine, kwa sababu siku ile Obonyo hakumaliza hata sentensi moja. Mama aliliangalia begi, akamwangalia yeye usoni.

"Mbona umenipigia honi ya mwanangu?"

Hakulia wakati ule. Aliuliza tu, na mwiko ukaanguka kwenye tope.

Obonyo hakukusudia. Kulikuwa na watoto wanacheza njiani, mkono ukaenda wenyewe. Gari lile waliliendesha wote wawili na honi yake waliipiga hivyo. Lakini mtu akishapigiwa honi ya furaha akatoka mbio kukutana na msiba, utamweleza nini?

*

Kweyu alikuwa dereva wa watalii. Wenzake wengi walijua Kiingereza tu. Yeye alijifunza Kihispania kwa sista mmoja mzee wa Kikatoliki aliyefundisha katika ukumbi wa parokia, ingawa sisi ni watu wa kanisa la Friends na Mama alinung'unika kidogo. Agosti, Wahispania walipokuja, kampuni haikuwa na mwingine wa kumtegemea.

Jioni alipokuwa nyumbani alikaa kwenye stuli karibu nami, kitabu chake kisicho na jalada kikiwa magotini, akakariri vitenzi. Aligundua kwamba mwendo wa pedali unamsaidia.

"Kanyaga, Mideva. Polepole. Hablo, hablas, habla." Nami nikakanyaga. "Hablamos, habláis, hablan. Nasema, unasema, anasema, tunasema, mnasema, wanasema. Umeona ujanja wao? Sisi mtu tunamtanguliza: ni, u, a. Wao wanamfunga mkiani."

"Kwa nini?"

"Waulize wenyewe. Labda hawapendi mtu anayejitanguliza."

Mimi nilimaliza kidato cha nne, alama zikaniacha pale pale, nikashika cherehani. Sikujua kama najifunza kitu. Mguu ulijifunza kwanza, mdomo ukafuata. Ikawa Kweyu akikwama, mimi namalizia huku meno yangu yameuma uzi.

Obonyo naye alikuwa akija, anaegemea mlango, anamcheka.

"Buda, hizo ni za kusema ama za kuimba?"

"Cheka tu. Agosti mimi nabeba Wahispania, wewe utabaki airport unabebea watu masanduku."

Obonyo alicheka zaidi. Na kila alipocheka alikuwa na tabia ya kunitupia jicho kuona kama na mimi nimecheka. Nilikuwa nikiinamia kitambaa, nikajifanya sindano imenishughulisha.

Tulimzika Kweyu kwetu Maragoli, nyuma ya nyumba ya Baba, ambaye alistaafu reli na kurudi shambani. Baada ya maziko watu walikaa kugawa nguo za marehemu, kama ilivyo desturi. Binamu akapewa koti, mjomba akapewa viatu. Baba akauliza, "Na huyu rafiki yake wa Nairobi?"

Obonyo akainuka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba, kama si vibaya, angeomba kile kitabu cha Kihispania.

Watu walitazamana. Watu huomba shati, huomba mkanda, kitu kilichogusa mwili.

"Wenzake wanaomba ukumbusho," Mama alisema. "Yeye anaomba kazi ya mwanangu."

Obonyo akakaa chini, akayatazama majani. Kitabu nikapewa mimi.

*

Alirudi Juni, Jumapili moja baada ya kanisa. Alikuja kwa miguu, viatu vimejaa tope. Mama alimfungulia na akampa mkono, kwa kuwa adabu ni adabu, lakini aliutoa kama mtu anayegusa sufuria bila kujua kama imepoa.

"Keti, kijana. Umekuja na nini leo?"

"Nimekuja na ombi, Mama." Alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Wageni wa Kihispania wanakuja Agosti. Mzee Bedan wa ofisini anasema kama hakuna dereva wetu anayejua lugha, ataandika mtu kutoka nje. Atampa moja kwa moja gari la Kweyu, lile tuliloliendesha wote wawili. Mimi sipendi mgeni aliguse."

"Kwa hivyo uliguse wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Ulileta begi lake. Ukaomba kitabu chake. Sasa unataka kiti chake."

Nilisikia maji ya chai yakichemka jikoni na nikatamani yamwagike tu, nipate sababu ya kuondoka.

"Na nani atakufundisha?" Mama aliendelea. "Mwenye kufundisha yuko udongoni."

"Mideva anajua," alisema Obonyo. "Kweyu aliniambia. Alisema, dada yangu amenipita, ila bado hajui."

Sikuwa nimewahi kuambiwa hivyo. Niligeuza uso kwenye dirisha, na kupitia machozi niliona nguo za majirani kwenye kamba zikiwa rangi tupu, bila umbo. Ilikuwa kama Kweyu amenitumia salamu, na huyu ndiye aliyezibeba njia yote hiyo bila kuzidondosha.

Mama alinigeukia.

"Kitabu hakitoki katika nyumba hii," alisema mwishowe. "Mtasoma hapa, mbele yangu. Na mimi nitakaa pale."

Akakaa pale. Kila Jumapili alivuta kiti chake akakiweka mbele ya Obonyo, akamkazia macho kama askari wa benki. Obonyo alikuwa akijibu vitenzi huku kijasho kinamtoka.

"Sio 'hablo' kwa h," nilimwambia siku ya kwanza. "Hiyo h haisemwi. Sema 'ablo'."

"Sasa waliiandika ya nini?"

"Imesimama tu. Kama soja wa geti."

"Soja wa geti hufungua geti, mwalimu."

"Wa kwenu. Wa kwetu hulala."

Alicheka, kisha akakumbuka Mama yuko, akaumeza mcheko. Nami nilikanyaga pedali: hablo, hablas, habla. Mwanzoni mguu ulikataa. Ulikuwa haujakanyaga hivyo tangu Aprili, na kila neno lilitoka na sauti ya Kweyu pembeni yake. Baadaye nikazoea. Baadaye zaidi nikagundua kwamba Jumapili ninaamka mapema na kupiga pasi gauni ambalo halikuwa na mikunjo.

Tulifanya wanyama: león, jirafa, elefante. Tulifanya njia na mvua na maji. Tulifanya vivir, vivo, vives, vive, na Obonyo akaniuliza, "Vives en Kaloleni?" akinitazama kama mtu asiyejua kweli ninapoishi. Nikamjibu, "Sí, vivo en Kaloleni," na sijui kwa nini jibu jepesi hivyo lilinipasha joto masikio.

Siku moja alikwama kwenye kula.

"Como, comes, come..." Alifumba macho. "Come... come..."

"Comemos," ilisema sauti.

Tuligeuka wote wawili. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mikono imekunjwa.

"Kweyu aliniuliza kila jioni akifunua sufuria," alisema. "Qué comemos hoy, señora? Nami namjibu, ugali, kwani jana kulikuwa na nini?"

Akacheka. Ulikuwa mcheko mfupi, umekwaruza kama mlango uliofungwa muda mrefu, na ulimshtua hata yeye. Akajifunika mdomo kwa leso.

"Endeleeni," alisema ndani ya leso. "Mnanitazama nini?"

Kulikuwa na ukurasa mmoja ambao hatukuusoma. Ulikuwa na kitenzi kiitwacho querer. Quiero, quieres, quiere. Kila tulipoufikia, kidole cha Obonyo kilishika kurasa mbili kwa pamoja tukajikuta upande wa pili, na wote wawili tukawa na jambo la kusema kuhusu hali ya hewa. Jumapili ya mwisho ya Julai Mama aliuliza, "Huo mnauruka kwa nini?"

"Upi, Mama?"

"Huo. Mkifika hapo mnafungua kurasa kama mtu anayeruka mtaro. Mimi sijui Kispanish, lakini nauza nguo. Mteja anayeitaka nguo ndiye huipita haraka bila kuishika."

Obonyo alikohoa. "Ni kigumu, Mama. Kinabadilika katikati."

"Maana yake nini?"

Alinitazama mimi. "Kutaka," nikasema. Ilikuwa nusu ya kweli. Kitabu kilisema pia kupenda.

"Kutaka ndiko kugumu?" Mama alisema. "Hata mtoto ambaye hajaota meno anajua kutaka."

Akainuka kuwasha jiko. Lakini jioni ile, tulipokuwa tunaosha vyombo, aliniuliza ghafla, "Huyo kijana alilelewa na nani?"

"Na ami yake Ochola, kwenye nyumba za reli pale Muthurwa. Mama yake alikufa akiwa mdogo."

"Na ni Mjaluo."

"Ndiyo, Mama."

Alisugua sufuria ile ile mpaka nikaiona inang'aa kupita desturi yake.

*

Jumamosi iliyofuata Obonyo alinikuta kwenye mfereji wa maji. Alikuwa amevaa shati la kazi na alikuwa anajaribu kuuficha uso wake uliokuwa unacheka wenyewe.

"Nimepita," alisema.

"Walikuuliza nini?"

"Mzee Bedan alimwita yule sista aliyemfundisha Kweyu. Akanifanyisha safari nzima kwa mdomo, mle mle ofisini. Hapa kuna simba, hapa tunakula, hapa gari limekwama, tokeni msukume. Nilipokwama nilipiga mguu chini, kama niko kwenye cherehani yako. Sista akasema, 'Huyu amefundishwa na nani?' Nikamwambia, na dada yake Kweyu. Akatoa leso akajipangusa."

Maji yalijaa ndoo yakamwagika, wala hakuna aliyeufunga mfereji.

"Kesho nitakuja kumwambia Mama," alisema. "Kuhusu kazi. Na kuhusu sisi."

"Sisi tuna nini?"

"Ule ukurasa, Mideva."

Watu wa foleni nyuma yetu walianza kulalamika. "Dada, penda baada ya kuchota!" alipaza sauti mmoja, na mfereji mzima ukacheka. Nilibeba ndoo yangu nusu ikinimwagikia, nikafika nyumbani nimelowa mpaka kiunoni. Sikuhisi baridi.

*

Kesho yake senge Asenath, dada yake Baba, alikuja kutoka mtaa wa Jericho. Nilidhani amekuja kututembelea tu. Mama alikuwa amepika kuku, nami nilidhani ni kwa ajili ya senge.

Obonyo alibisha mchana. "Hodi wenyewe."

Mama alikuwa karibu na mlango. Aliposikia sauti ile aliruka kama aliyekanyaga moto, akavuta leso akajifunika kichwa. Nikafungua mlango. Obonyo alisimama pale na shati jeupe, mfuko wa sukari na mkate kwapani, na mkono wake wa kulia ulikuwa tayari umenyooka mbele, kama alivyozoea.

Mama hakuupokea. Aliificha mikono yake nyuma, akageuza uso ukutani, akapita upande upande mpaka nyuma ya pazia la chumba cha kulala. Pazia likaanguka, kimya.

Mkono wa Obonyo ulibaki hewani. Kisha akaushusha polepole, akaupangusa kwenye suruali.

"Karibu, karibu, keti," senge alisema kwa furaha ambayo sikuielewa. "Mideva, lete chai."

"Mama anaumwa?" Obonyo aliuliza.

"Ni mzima kabisa."

Jibu hilo lilimmaliza. Nilimwekea chai mbele na vidole vyetu havikugusana. Aliangalia kile kiti cha Mama ambacho kila Jumapili kilikuwa mbele yake. Leo kilikuwa tupu. Miezi yote hiyo alikuwa akikiogopa, na sasa ungedhani angetoa chochote ili Mama arudi kukikalia amkazie macho.

Akazungumza na pazia.

"Mama, nimekuja kukwambia kwamba nimepewa kazi. Wageni wanafika Jumatano. Lakini nimemwambia Mzee Bedan kwamba sitakalia kiti cha Kweyu mpaka wewe useme. Ukikataa, nitabaki na kazi yangu ya airport."

Pazia halikujibu.

"Na kulikuwa na jambo lingine." Alinitazama, na katika macho yake niliona ukurasa ukifungwa. "Lakini nimeelewa. Ulinipa mkono hata ulipokuwa na uchungu na mimi. Leo umeninyima. Nimeelewa, Mama. Asante kwa kunivumilia."

Aliinuka, akaweka sukari na mkate mezani kwa uangalifu, akatoka. Chai ilikuwa bado inafuka.

Nilisimama mbele ya pazia lile. Sijawahi kumpandishia Mama sauti, na siku ile nilimpandishia.

"Mama, ungemkataa kwa mdomo! Mtu mzima amekuja amesimama mlangoni, unamgeuzia mgongo kama mbwa! Alileta begi, ndiyo. Nani mwingine angelileta? Ungetaka liletwe na mtu ambaye hakumjua?"

Nyuma yangu nilisikia kishindo. Senge Asenath alikuwa amepiga meza kwa kiganja. Nikageuka nikidhani amekasirika, nikamkuta anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Watoto wa Nairobi!" alisema. "Woi, watoto wa Nairobi! Na yule Mjaluo mzima, hata kwao hawakumwambia?"

"Hawakumwambia nini?"

"Mwanamke humkwepa nani, Mideva? Mama mtu mzima hufunika kichwa na kukimbilia pazia kwa sababu ya nani?"

Nililitazama pazia.

"Mkwe!" senge alisema. "Mgeni hupewa mkono. Adui hupewa mkono. Mkwe ndiye hapewi mkono, wala hatazamwi machoni, wala hampitani njia moja. Wewe ulifurahi alipokuwa anapewa mkono kila Jumapili? Ulikuwa mkono wa kumwambia, wewe ni mtu wa nje. Mimi unadhani nimeitwa kutoka Jericho kula kuku? Wifi aliniita nije nimpokee kijana, kwa sababu yeye hawezi tena kukaa naye chumba kimoja."

Nilishika cherehani.

"Mama?" nilisema. "Ni kweli?"

Sauti yake ilitoka nyuma ya pazia, nzito.

"Miezi yote hiyo amekuja hapa kwa miguu," alisema. "Anatoka airport na gari lile lile la Kweyu, analiacha kule kwenye ukumbi wa mtaa, anatembea kwenye tope. Unadhani sikujua? Mama Anab wa pale karibu aliniambia tangu siku ya kwanza. Anaacha gari mbali ili mimi nisisikie injini. Mtu anayenistahi hivyo nitamkodolea macho mpaka lini? Nimemwangalia vya kutosha. Sasa naona haya kumwangalia."

"Lakini ameondoka, Mama. Anadhani umemfukuza."

Pazia lilitikisika.

"Ameondoka? Asenath, si nilikwambia umweleze!"

"Nilidhani anajua! Nilikuwa nangoja amalize hotuba yake!"

"Sasa wewe, Mideva, unasimama hapo unangoja nini? Kimbia!"

Nilikuwa nimefika kizingitini aliponiita tena. Alikuwa amesogea karibu na ukingo wa pazia. Niliiona ncha ya leso yake tu.

"Mwambie," alisema. "Mwambie kiti ni chake. Na mwambie aache kuliacha gari kule ukumbini, litaibiwa vioo. Alilete mpaka hapa. Na akifika apige honi."

"Honi ipi, Mama?"

"Unajua ipi. Apige nisikie, nipate kupita mlango wa nyuma kabla hajaingia. Nitajuaje kama amefika? Nikutane na mkwe wangu mlangoni?"

*

Nilikimbia na ndala moja, nyingine ilibaki kwenye mtaro. Gari lilikuwa bado pale kando ya ukumbi, na Obonyo amekaa ndani, upande wa abiria. Kiti cha dereva kilikuwa tupu. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo.

Nilifungua mlango wa dereva, nikaingia, nikakaa pale pale alipokuwa akikaa ndugu yangu. Nilikuwa nahema. Obonyo alinitazama miguu.

"Ndala yako iko wapi?"

"Quiero," nilisema.

Aliinua macho.

"Quiero, quieres, quiere," nikasema, mguu wangu ukikanyaga sakafu ya gari wenyewe. "Sio kigumu. Hata mtoto ambaye hajaota meno anajua."

"Mideva, Mama yako amenikataa."

"Hajakukataa. Amekukimbia. Ungekuwa na mama angekufundisha, na mimi nina mama ila sikumwuliza." Nikamweleza yote, pazia, senge, kuku, leso, maneno yakigongana. Nilipofika kwenye honi alifunika uso kwa viganja vyake, na mabega yake yakatikisika, na nilimwacha alie, kwa kuwa tangu siku ya begi sikuwa nimemwona akilia.

Baadaye alijifuta uso.

"Sema ile nyingine," alisema. "Ya pamoja."

"Queremos."

"Queremos," alisema, na hakukosea hata kidogo.

Tulibadilishana viti. Aliushika usukani kwa mikono miwili kama unaoweza kuvunjika, akaliendesha gari polepole kati ya nyumba, watoto wakifuata. Alipofika mbele ya mlango wetu aliniangalia, nikaitikia kwa kichwa. Mbili fupi, moja ndefu.

Ndani ya nyumba kitu cha bati kilianguka. Kisha tulisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, na sauti ya Mama ikimwambia jirani, kwa nguvu ili kila mtu asikie, kwamba ameondoka kwa muda kwa sababu mkwe wake amefika.

Sasa Obonyo yuko Mara na Wahispania, na Mama yuko Gikomba. Ami Ochola na senge Asenath watakwenda Maragoli mwisho wa mwezi kuonana na Baba. Kitabu kiko hapa juu ya cherehani. Gari likirudi, honi hulia, na Mama hufunga leso yake akatoka nyuma. Chai ya Obonyo huiacha mezani, imefunikwa kwa sahani.